Mshenga wa Mswada: Mwandishi na Wakala katika Historia ya Maandishi ya Ukanda wa Shaba, Katanga

1.0 Utangulizi

Mwaka wa 1965, katika mji wa Elisabethville ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lubumbashi, André Yav alikamilisha historia ya mji huo kwa Kiswahili. Aliiandika kwa niaba ya wenzake waliowahi kuwa maboi, yaani watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Jina la maandishi hayo lilikuwa la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini matini yenyewe ilikuwa katika Kiswahili cha Katanga. Ilipigwa taipu, ikarudufiwa, ikasomwa na waliobahatika kupata nakala. Haikupata mchapishaji. Ilipotoka katika umbo la kitabu, ilikuwa mwaka wa 1990, mjini Amsterdam, chini ya uhariri wa mwanaanthropolojia Johannes Fabian.

Kati ya mswada na kitabu ilipita miaka 25. Makala haya yanachunguza kilichokosekana katika muda huo. Haikukosekana kazi, kwa maana kazi ilikuwapo. Wala hawakukosekana wasomaji, kwa maana nakala zilipita mkono kwa mkono. Aliyekosekana ni mtu wa kati: mtu anayejua mlango wa mchapishaji uko wapi, anayejua wakati wa kuubisha, na anayesimama upande wa mwandishi pindi ahadi ya uchapishaji inapotolewa. Katika nchi zinazotumia Kiingereza mtu huyo huitwa wakala wa fasihi. Kwa desturi za Waswahili, anayefanana naye zaidi ni mshenga: hamiliki mali inayozungumziwa, lakini bila yeye mazungumzo huanza vibaya, au hayaanzi kabisa.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba mwandishi wa ukanda wa shaba, kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, hakuwahi kuwa na wakala kwa maana hiyo, bali nafasi yake ilishikwa na wengine kwa zamu: misheni, kampuni ya migodi, profesa wa kigeni, na hatimaye mji wa ughaibuni. Kila mmoja wa hao alikuwa na shughuli yake mwenyewe. Aidha, historia hii inaonyesha kwamba suala la ni nani aliyemfikisha mwandishi kwa mchapishaji haliwezi kutenganishwa na suala la ni lini alimwendea.

2.0 Asili ya Wakala wa Fasihi

Kazi ya wakala wa fasihi ilianza London. A. P. Watt, anayehesabiwa kuwa wakala wa kwanza wa kudumu, aliianza kazi hiyo mnamo mwaka wa 1875, akitoza asilimia 10 ya mapato ya mwandishi. J. B. Pinker alifungua ofisi yake mwaka wa 1896. Watu hawa walizuka kwa sababu soko la vitabu lilikuwa limegawanyika: kulikuwa na magazeti yaliyochapisha riwaya sehemu kwa sehemu, wachapishaji wa Uingereza, wachapishaji wa Marekani, na haki za tafsiri. Mwandishi aliyeuza kila kitu kwa mnunuzi mmoja alipoteza mengi bila kujua.

Mfano wa Joseph Conrad unafaa kutajwa hapa, kwa kuwa jina lake limefungamana na Kongo. Conrad alipanda mto Kongo kwa meli mwaka wa 1890. Mswada wa riwaya yake ya kwanza aliupeleka mwenyewe kwa mchapishaji T. Fisher Unwin mwaka wa 1894, ukachapishwa mwaka wa 1895. Hadithi yake mashuhuri kuhusu Kongo ilitoka katika jarida la Blackwood's mwaka wa 1899, pia bila wakala. Alijiunga na Pinker mwaka wa 1900 tu, baada ya kuwa na vitabu kadhaa mkononi na madeni mengi shingoni. Kwa hiyo hata katika nchi iliyomzaa wakala, mwandishi aliweza kupata ahadi kwanza na wakala baadaye. Hata hivyo, alipompata, Pinker hakuwa mpeleka barua tu. Alimkopesha fedha kwa miaka mingi wakati kazi zake zilipokuwa haziuziki sana.

Nchini Ufaransa mambo yalikwenda njia nyingine. Waandishi walikuwa na chama chao, Société des gens de lettres, tangu mwaka wa 1838, lakini mwandishi alizoea kupeleka mswada moja kwa moja kwa mchapishaji, ambako ulisomwa na kamati ya wasomaji. Mchapishaji ndiye aliyetunza haki za tafsiri na kuziuza nje. Wakala alionekana kuwa mgeni asiyealikwa, na ingawa mawakala wameongezeka huko katika miongo ya karibuni, desturi ya zamani ingali na nguvu. Ubelgiji ilifuata mkondo huo huo, na koloni la Kongo likaurithi. Ndiyo maana msomi wa Katanga aliyelelewa katika shule za Kifaransa hakufundishwa kumtafuta wakala. Alifundishwa kumtafuta mchapishaji, na mchapishaji alikuwa Paris au Brussels.

3.0 Misheni na Kampuni

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, na reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka wa 1910. Kolwezi, upande wa magharibi, ulianzishwa kama mji mwaka wa 1937. Katika miji hii Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, ya kambi na ya soko. Maandishi ya Kiswahili yalikuwapo mapema: gazeti la Ngonga lilitoka Elisabethville mwaka wa 1934 na 1935, na lilipokea barua za wasomaji Waafrika. Baadaye, mwaka wa 1957, Union Minière ilianzisha jarida la wafanyakazi wake, Mwana Shaba.

Katika hali hiyo, mwenye mtambo wa kupigia chapa ndiye aliyekuwa mchapishaji, na ndiye pia aliyekuwa mtu wa kati. Padre alichagua kitakachochapishwa na misheni, na afisa wa kampuni alichagua kitakachoingia katika jarida la kampuni. Mwandishi Mwafrika hakuwa na mtu wa tatu wa kumwendea. Hali hiyo ilikuwa kama posa ambayo ndani yake mshenga ndiye baba wa bibi harusi. Mazungumzo hayawezi kuwa ya haki, hata kama kila mmoja ana nia njema.

Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka wa 1933, anaonyesha jinsi njia ilivyokuwa nyepesi kwa mtu aliyekuwa ndani ya mfumo. Kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu kiliandikwa kwa Kiholanzi. Tafsiri ya Kifaransa ilifanywa na Antoine Rubbens, mwanasheria wa Elisabethville, na kuchapishwa mjini humo na Lovania mwaka wa 1945. Emile Possoz, mwanasheria mwingine, aliandika dibaji. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alikipinga kitabu hicho, na mwaka wa 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, ambako alikaa hadi mwaka wa 1949. Lakini nakala za Elisabethville zilikuwa zimekwisha kusafiri. Alioune Diop, Msenegali aliyeanzisha Présence Africaine, alikisoma kitabu, na mwaka wa 1949 kikatolewa tena mjini Paris. Toleo hilo ndilo lililokifanya kijulikane duniani.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza, Tempels hakumwendea mchapishaji wa Paris. Toleo dogo la nyumbani ndilo lililomfanyia kazi ya wakala, kwa kuwa lilimfikia msomaji mwenye uwezo wa kutoa ahadi. La pili, Tempels hakuanza peke yake. Kabla ya kuchapishwa alikuwa na mtafsiri na mwandishi wa dibaji, watu wenye heshima katika mji, ambao majina yao yalikuwa dhamana ya mswada.

Tempels alirudi Katanga na kuanzia mwaka wa 1953 hadi 1962 alifanya kazi katika eneo la Kolwezi. Humo, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi na wake zao, ulizaliwa umoja wa Jamaa, uliojengwa juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mafundisho ya Jamaa yalitolewa kwa Kiswahili, na wengi wa waliofundisha hawakuwa mapadre bali watu wa ndoa kutoka kambi za migodi. Mwaka wa 1966 na 1967 Fabian alifanya utafiti juu yao huko Kolwezi, na kitabu chake kuhusu Jamaa kilitolewa na Northwestern University Press mwaka wa 1971. Hivyo wazo la padre lilitembea kwa Kiholanzi, Kifaransa na Kiingereza likiwa na jina lake juu ya jalada, hali mafundisho ya Kiswahili ya wafanyakazi yalifika kwa mchapishaji kama ushahidi katika kitabu cha mtu mwingine. Tofauti hiyo haikutokana na uzito wa mawazo. Ilitokana na nani alikuwa na njia ya kufika kwenye mtambo.

4.0 Mswada wa Yav

Maandishi ya Yav yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndani yake watu wa tabaka la chini walijiandikia historia yao bila kuombwa na padre, kampuni wala profesa. Yanasimulia kuanzishwa kwa mji, majina ambayo Waafrika waliwapa Wazungu, kazi na mishahara ya maboi, na vita vya 1914 hadi 1918. Walioyatoa walijitambulisha kwa Kifaransa kuwa «agents anciens domestiques». Katika lugha ya migodi ya Katanga, neno hilo la Kifaransa lina maana ya mwajiriwa. Watu hao, basi, walijiita mawakala kwa maana ya waajiriwa, lakini wakala wa maandishi yao hawakuwa naye.

Je, wangeweza kumwendea nani mwaka wa 1965? Wachapishaji wa Paris walichapisha Kifaransa. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam walichapisha Kiswahili sanifu, na lugha ya Yav ilikuwa mbali nacho kwa msamiati, sarufi na hata mgawanyo wa maneno. Misheni ilikuwa na mitambo, lakini historia ya maboi haikuwa katekisimu. Union Minière ilikuwa na jarida lake, lakini historia hiyo ilimtazama mwajiri kutoka jikoni. Kwa hiyo waandishi walifanya lililowezekana: walirudufu nakala wakazigawa. Ikumbukwe kwamba huko nako ni kuchapisha. Kazi ilikuwa na wasomaji wake kabla ya mtu wa nje kuigundua.

Kitabu cha mwaka wa 1990 kilifanya mengi kwa haki. Jina la Yav liliwekwa katika kichwa cha kitabu kama mwandishi. Kwa kuwa mwandiko wa asili ulikuwa mgumu kufuatwa, Kalundi Mango, mzawa wa lugha hiyo, aliisoma matini kwa sauti ili inukuliwe upya, na maandishi yote mawili yakachapishwa pamoja na tafsiri. Walter Schicho aliongeza maelezo ya isimu. Bila watu hao, huenda nakala zilizobaki zingeliwa na mchwa. Hali kadhalika, mwaka wa 2001 matini hiyo iliwekwa katika intaneti na Fabian pamoja na Vincent de Rooij, katika hifadhi yao ya Kiswahili cha watu, ambako mtu wa Lubumbashi anaweza kuisoma bila kununua kitabu cha Amsterdam.

Hata hivyo, hapana budi kutazama pia kilichoamuliwa bila ya mwandishi. Kitabu kiliingizwa katika mfululizo wa vitabu vya lugha za krioli, kwa hiyo historia ya mji ilipangwa katika rafu ya isimu. Jina la jalada, Historia kutoka Chini, ni la kitaaluma na la Kiingereza. Bei na usambazaji vilikuwa vya maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Maamuzi ya namna hii, yaani mfululizo, jina, bei, eneo la mauzo na haki ya toleo la nyumbani, ndiyo hasa ambayo wakala huyajadili kabla ya sahihi. Mhariri mwadilifu anaweza kulilinda jina la mwandishi. Hawezi kusimama pande mbili za meza kwa wakati mmoja.

5.0 Mchoraji na Waigizaji

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka wa 1947, alikuwa na njia nyingine. Mwaka wa 1973 alimwendea Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, akiwa na picha za kuuza. Alijieleza kwamba yeye ni mwanahistoria. Katika miezi iliyofuata alichora mfululizo wa picha takriban 100 kuhusu historia ya nchi, akaieleza kila picha kwa Kiswahili huku mazungumzo yakirekodiwa. Kitabu chenye picha hizo na maelezo yake kilitolewa na University of California Press mwaka wa 1996. Kufikia wakati huo Tshibumba alikuwa hajasikika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Tofauti yake na Yav ni kwamba Tshibumba mwenyewe ndiye aliyekwenda, na alikwenda kwa wakati aliouchagua. Alitambua kwamba huyu profesa ndiye mlango, akamletea kazi kubwa kuliko alivyoombwa. Lakini mauzo yalikuwa ya picha, moja baada ya moja. Sheria za hakimiliki hutenganisha kitu na haki: anayenunua turubai hanunui kwa kitendo hicho haki ya kuichapisha. Mchoraji anayeishi kwa kuuza turubai leo ili ale kesho hana muda wa kulifikiria jambo hilo. Wakala, kama angekuwapo, angelifikiria kwa niaba yake.

Waigizaji wa kundi la Mufwankolo, waliokuwa maarufu kwa michezo ya Kiswahili katika redio na televisheni, nao walifika katika vitabu kwa njia ya vyuo: kitabu cha Schicho na Mbayabo Ndala kilitoka Vienna mwaka wa 1981, na kile cha Fabian kilitolewa na University of Wisconsin Press mwaka wa 1990. Kwa mara nyingine, matini ya Kiswahili cha Katanga ilihifadhiwa na watafiti, na kwa mara nyingine ilichapishwa mbali na watazamaji wake.

6.0 Kutoka Likasi na Lubumbashi hadi Paris

V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville, yaani Likasi, mwaka wa 1941 na kufariki Marekani mwaka wa 2025, aliuona upungufu huu kutoka ndani. Badala ya kutafuta mtu wa kati, alijaribu kuujenga mlango nyumbani: mashairi yake ya Déchirures yalitoka Kinshasa mwaka wa 1971 katika Éditions du Mont Noir, shirika ambalo yeye alikuwa mmoja wa waliolianzisha. Lakini riwaya zake zilikwenda Présence Africaine, mlango ule ule uliomfungukia Tempels: Entre les eaux mwaka wa 1973, Le bel immonde mwaka wa 1976, L'écart mwaka wa 1979. Mwaka wa 1989 Présence Africaine ilitoa Shaba deux, riwaya katika umbo la daftari la mtawa Mwafrika aliyekuwa Kolwezi wakati wa vita vya Mei 1978. Wapiganaji wa FLNC waliuingia mji kutoka Angola tarehe 13 Mei 1978, na askari wa miamvuli wa Ufaransa waliteremka tarehe 19. Ilichukua miaka 11 tangu vita hadi riwaya hiyo, na mwandishi wake alikuwa amekwisha kuondoka Zaire.

Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka wa 1981, anakamilisha picha. Alihamia Graz, Austria, na ndiko alikoishi riwaya yake Tram 83 ilipotolewa na Métailié, Paris, mwaka wa 2014. Tafsiri ya Kiingereza ya Roland Glasser ilitoka mwaka wa 2015, Dallas na London, na mwaka wa 2016 riwaya hiyo iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya Man Booker International. Ndani ya riwaya yenyewe, Lucien ni mwandishi anayehangaika na matini yake katika mji wa wachimbaji, ana rafiki Paris anayemwahidi msaada, na anakutana na mchapishaji wa Kiswisi aitwaye Malingeau. Mwandishi, rafiki wa mbali, mchapishaji: hao ndio watu watatu wa historia nzima inayosimuliwa katika makala haya, na mahali pa wakala hapana mtu.

7.0 Wakati wa Kumwendea Wakala

Kutokana na mifano hii, suala la wakati linaweza kupangwa katika hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kabla mswada haujakamilika. Kwa kazi ya kubuni, hatua hii ni ya mapema mno. Wakala wa London au New York husoma riwaya iliyokamilika. Kwa kitabu cha maarifa, kama vile historia, hukubali maelezo ya mpango pamoja na sura za mfano. Linalofaa katika hatua hii ni alilolifanya Tempels: kupata wasomaji wenye ujuzi, na ikiwezekana toleo dogo la nyumbani.

Hatua ya pili ni mswada ukiwa tayari na ahadi ikiwa haijapatikana. Kwa anayeandika Kiingereza, huu ndio wakati wa kawaida wa kumwendea wakala, na ni vyema amwendee kabla ya kuutawanya mswada kwa wachapishaji, kwa kuwa wakala hawezi kuurudisha kwenye mlango ambao umekwisha kuukataa. Anayeandika Kifaransa bado anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kamati ya wasomaji. Anayeandika Kiswahili naye humwendea mchapishaji, au hupeleka mswada katika mashindano. Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka wa 2014 kwa ushirikiano wa Mabati na Chuo Kikuu cha Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapishwa, na kwa njia hiyo imefanya sehemu ya kazi ya mshenga.

Hatua ya tatu ni ahadi ikiwa mkononi na sahihi ikiwa bado. Hapa ndipo penye uzito mkubwa, na hapa ndipo waandishi wengi huharakisha. Mchapishaji anapotoa ahadi, mwandishi ana haki ya kushukuru, kuomba muda wa wiki moja au mbili, na kuwaandikia mawakala akieleza wazi kwamba ahadi ipo. Barua ya namna hiyo husomwa haraka kuliko nyingine. Asikubali kwa mdomo wala kwa barua kabla ya hapo, kwa maana baada ya kukubali hakuna kinachobaki cha kujadiliwa. Wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma. Hupata fungu lake, kwa desturi ya leo asilimia 15 ya mapato ya ndani na 20 ya tafsiri, baada ya mwandishi kulipwa. Ikiwa ahadi ni ya mchapishaji wa chuo kikuu, ambako malipo ni madogo, mawakala wengi watakataa. Hapo mwandishi atafute mwanasheria au chama cha waandishi ausomewe mkataba, na ajitetee mwenyewe katika mambo matatu: haki za tafsiri, haki ya toleo la bei nafuu nchini mwake, na kurudishiwa haki zote kitabu kikiisha sokoni.

Hatua ya nne ni baada ya sahihi. Wakala anaweza kusaidia kitabu kijacho, lakini kile kilichotiwa sahihi kimekwisha kwenda. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inazilinda haki za mwandishi, lakini sheria haiufungui upya mkataba uliokubaliwa kwa hiari.

Mtu wa Kolwezi hahitaji kufundishwa hoja hii kwa mifano ya London. Mchimbaji anayefika na gunia lake katika soko la madini la Musompo anajua kwamba mnunuzi ana mizani yake na kifaa chake cha kupimia kiasi cha shaba au kobalti. Akiuza bila kupima kwingine, bei ni ya mnunuzi. Akipima kwingine kabla ya kuuza, huenda bei ikapanda na huenda isipande, lakini walau anajua anachokiuza. Akienda kupima baada ya kupokea fedha, amepata elimu tu. Hali ya mswada ni hiyo hiyo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kutokuwapo kwa mawakala katika ukanda wa shaba hakukuwa bahati mbaya, bali kulitokana na desturi ya uchapishaji ya Kifaransa, na mitambo ya misheni na kampuni, na umbali wa Kiswahili cha Katanga na wachapishaji wa pwani. Walioziba pengo hilo walifanya kazi ya thamani, na pasipo wao maandishi ya Yav na maneno ya Tshibumba yasingejulikana leo. Lakini aliyeziba pengo alikuwa pia mhariri, mtafiti au mchapishaji, na mwandishi alibaki bila mtu wa upande wake.

Kolwezi, ambao tangu mwaka wa 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, una chuo kikuu, na kobalti yake inatafutwa na dunia nzima. Vitabu kuhusu mji huo vinaandikwa kwa wingi, hasa na wageni. Mwenyeji atakayeandika chake hatakosa kupokea ahadi, kwa kuwa wachapishaji wa nje sasa wanakisikia sana kisa cha migodi. Idara za Kiswahili na fasihi katika eneo hili zingefanya jambo lenye manufaa kama zingempa mwandishi huyo mambo mawili: msomaji makini kabla mswada haujatoka nyumbani, na mtu wa kuusoma mkataba naye katika zile wiki mbili ambazo ahadi iko mezani na kalamu bado haijainuliwa.